Yule Mtu Aliyekohoa Upande wa Pili wa Kanda

Mifuko ya karatasi ikilowa inanuka. Nimeuza viatu vya mitumba Mwanjelwa miaka ya kutosha kujua kwamba harufu hiyo haimsumbui mteja yeyote. Inanisumbua mimi. Juzi mvua ilipenya kwenye turubai ikalowanisha furushi langu la mifuko ya kaki, na nilipolifungua nianike, ikanipanda puani harufu ya kabichi iliyochemshwa ikasahauliwa jikoni. Mkononi nilikuwa na kiatu kimoja, mteja ana cha pili, ananitajia bei yake, nami sikuwa Mbeya tena. Nilikuwa Kihesa, Iringa, nina miaka tisa, nimekaa mkekani, na baba ameingia kutoka Mgololo na ile harufu ya kiwanda cha karatasi ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuiweza.

"Umesemaje?" nikamwuliza mteja.

Akarudia bei, safari hii ameongeza kidogo. Wenzangu sokoni wanasema huo ndio ujanja wangu: namfanya mtu arudie, na mtu akirudia bei ya aibu inamwaibisha, anaipandisha. Nawaacha waamini hivyo.

Baba alikuwa fundi kwenye mashine ya karatasi, na kazi yake, ukiyaondoa maneno makubwa, ilikuwa kusikiliza. Alikuwa na bisibisi ndefu kama mkono wangu wa wakati ule. Ncha anaiweka kwenye chuma, mpini anaugandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, anafumba macho. Beringi inayotaka kufa huanza kulalamika siku nyingi kabla, kwa sauti ambayo mtu wa kawaida haipati, na yeye alikuwa akiipata. Nyumbani alituonyesha kwa cherehani ya mama. Mama anakanyaga, baba ameinama na bisibisi yake kama daktari, kisha anatangaza, "Gurudumu la nyuma linaomba mafuta." Linawekewa mafuta, kelele inaisha. Mimi nilidhani kila baba anaweza hivyo.

Mgeni mmoja, Mzungu aliyekuja kufunga mashine akamaliza, alimwachia redio kaseti na kanda moja. Kanda ilikuwa moja tu. Nilipokuwa mkubwa niliuliza mara mbili nikajibiwa hivyo hivyo. Kwenye jalada kulikuwa na wanaume wanne wenye nywele ndefu, na nyuma yake orodha ya miji kwa herufi ndogo kama sisimizi. Ilikuwa bendi ya roki. Jina lao silitaji, kwanza kwa sababu hatukuwahi kulitamka sawa. Baba alikuwa na lake, mama lake, mimi langu, na wenyewe wangetusikia wasingeitikia hata moja.

Nyimbo zao zilikuwa ndefu. Wimbo wa kwaya yetu ya Kilutheri una beti nne, ukiisha umeisha, watu wanakaa. Wa hawa jamaa ulianza kama mvua ya mbali, ukatulia, ukapanda, ukageuka, ukasahau ulikotoka.

"Baba Tuma," mama alimwambia siku moja, mwiko mkononi, "nimechambua maharage, nimeyabandika, yameiva, na wimbo wako bado haujafika."

"Unakaribia."

"Unakaribia wapi?"

"Kaa usikilize, Mama Tuma. Unakaribia."

Mama akarudi jikoni akicheka. Tuma ni mimi. Na ngoma za jamaa hao hazikwenda nne nne kama za watu. Nilizihesabu kwa vidole nikapata saba. Sikuamini, nikahesabu tena kwa vidole vya miguu. Saba. Nadhani ndipo nilipopata huu ugonjwa wa kuhesabu kila kitu mara mbili.

Ile ilikuwa albamu ya laivu, watu wanashangilia kila baada ya wimbo. Mimi niliamini ni watu wale wale, wamekaa ukumbini tangu mwanzo wa kanda mpaka mwisho, na nilikuwa nawaonea huruma kwa njaa. Tukiizima kanda katikati ili kuokoa betri, nilijua wamebaki mle gizani wanatusubiri. Baba ndiye aliyenitoa ujinga.

"Sikiliza makofi," alisema. "Hapa ukumbi ni mdogo, sauti inarudi haraka. Sasa... hapo! Umesikia? Huu ni mkubwa. Huu ni mji mwingine kabisa, na siku nyingine. Wamekata kipande huku wakaunga na cha kule."

"Kwa nini?"

"Wamechukua walipopiga vizuri. Walipokosea wameacha."

Nikaona ni watu wenye akili ya biashara. Yale maungio tukayaita mishono. Upande wa kwanza kulikuwa na mitano, wa pili mitatu. Na mshono wa mwisho wa upande wa pili ulikuwa na mlinzi wake. Wimbo ulikuwa unanyamaza karibu wote, kinabaki kinanda kimoja kimeshikilia sauti nyembamba, ukumbi mzima umebana pumzi. Ndipo mwanamume mmoja aliyekaa karibu na kipaza sauti anakohoa. Mara moja tu, kavu. Ukihesabu saba mara mbili baada yake, makofi yanapasuka. Tulimwita Mgonjwa.

"Baba, bado hajapona tu?"

"Anaendelea vizuri. Mwezi ujao tutamjulia hali."

Baba alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi, na Jumamosi yake mama alichinja kuku. Kwetu firigisi ni ya baba. Haiulizwi, haigawanywi, inawekwa juu ya nyama zake kama kofia. Basi baba akaiweka rehani: tunakaa mbele ya redio, kila mmoja anainua kidole anaposikia mshono, mwenye kuwahi mingi anakula firigisi. Kwa muda mrefu sana firigisi ilibaki kwa mwenyewe. Mimi naona kidole chake kimeshapanda, ndipo nasikia ukumbi umebadilika.

Kisha nikaanza kushinda. Mwezi wa kwanza nilifurahi mpaka nikaenda kujisifu kwa jirani. Mwezi wa pili nilifurahi kidogo. Mwezi wa tatu nikaitoa mdomoni nikaiweka pembeni ya sahani.

"Unaniachia," nikamwambia.

"Nani?"

"Wewe. Unasubiri mimi niinue kwanza."

Aliniangalia mdomoni, si machoni. "Masikio yako mapya, binti yangu. Ya kwangu yametumika," akasema, akacheka. Mama hakucheka. Nilikuwa nimewaona wajomba zangu wakishindwa mbio na watoto kwa makusudi, wanachechemea kwa uongo, na nilikuwa nachukia sana kudharauliwa namna hiyo. Nikamnunia hadi alipoondoka Jumapili jioni.

Niliona na mengine, ila kila moja nililipangia bei isiyo yake. Nikimwita kutoka nyuma haitiki: nikasema amekasirika kwa sababu nilimwambia ananiachia. Redio anaiongeza mpaka paa la bati linatetemeka: nikasema anawaringishia majirani. Mama haongei naye tena kutoka jikoni, anakuja, anamgusa bega, ndipo anasema: nikasema ni mapenzi. Hilo la mwisho nimelihesabu tena ukubwani, na naona sikukosea. Kijijini babu, mzaa baba, tulimsalimia "kamwene" mara tatu, ya nne ndiyo anaitikia, na ukoo mzima ulieleza kwamba babu ana mawazo mengi. Wanaume wa kwao wote, wakifika umri fulani, wanakuwa na mawazo mengi.

Mimi nikaamua nitafanya mazoezi, ili siku baba akiacha kuniachia nimshinde kwa haki. Nilikuwa natoka shule, mama yuko shambani, nachukua redio. Betri zilikuwa zimechoka. Nikazianika juu ya bati mpaka zikapata moto, kama kila mtu alivyofanya, nikazirudisha. Zikaburuta wimbo kidogo, sauti ikaanza kuwa nzito kama ya mlevi, halafu redio ikala kanda. Nilipofungua, utepe ulikuwa umejisokota mle ndani kama tambi.

Kuurudisha kwa kalamu nilijua, tulikuwa tunafanya kila siku. Lakini kipande kilikuwa kimekunjamana, kikipita kingeliwa tena. Nikachukua bisibisi ndogo ya baba, nikafungua skurubu tano za kanda, nikakata kipande kibovu na kuunga kwa selotepu ya shule. Nilikuwa nimepima kwanza kwa mkono, kutoka begani mpaka kidole: mikono miwili. Nikapima tena. Mikono miwili. Nikafunga, nikacheza, ikacheza. Nilijivuna sana mpaka wimbo ulipofika kwenye kile kinanda chembamba. Kulikuwa na kimlio kidogo, tik, na makofi yakapasuka hapo hapo. Nikarudisha, nikasikiliza tena. Tik, makofi.

Nilikuwa nimemkata Mgonjwa.

Kile kipande sikuthubutu kukitupa nyumbani. Upande wa bondeni mama alikuwa na ulezi, na juu yake tulikuwa tumetandaza tepu za kanda za majirani zilizokufa, kutoka mti hadi mti, upepo ukipita zinavuma na ndege wanaogopa. Nikakifunga pale katikati ya zingine. Nilisimama kidogo kusikiliza. Zilikuwa zinavuma zote sawa.

Wiki mbili baadaye baba alirudi, na Jumapili, tumetoka kanisani, akaja Mzee Luvanda. Alikuwa msimamizi wa baba kule Mgololo na rafiki yake tangu ujana, mtu mpole anayevua kofia hata akiingia jikoni.

"Kamwene," alisema mlangoni.

Baba alikuwa ameupa mlango mgongo, anaifuta redio vumbi. Hakuitika. Mzee Luvanda alisubiri, kofia kifuani, kisha badala ya kuita tena akaja uani kwa mama. Mimi nilikuwa pembeni yao naosha sahani.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "leo nimekuja kama rafiki, kabla sijalazimika kuja kama msimamizi. Juzi aliweka bisibisi kwenye mashine akasema iko salama. Mimi niliisikia inalia nikiwa bado mlangoni. Shemeji, pale watu wanapitisha mikono."

"Amechoka tu," mama akasema. "Kelele na usingizi."

"Inawezekana. Ndiyo maana nataka nikae naye, tusikilize hiyo kanda anayoisifia kila siku. Akisikia na mimi nikasikia, Jumatatu nafunga mdomo. Asiposikia, siwezi kumwacha kwenye mashine. Hata wewe ungekuwa mimi."

Sahani nilikuwa nayo mkononi, imetakata, nikaendelea kuiosha. Zile firigisi tatu zikanirudi kooni kwa pamoja.

Nilipoingia ndani baba alikuwa ameshamkaribisha mgeni, amefurahi, anasema mno. Siku hizo alisema mno, kwa sababu mtu anayesema haulizwi. Kanda ilikuwa mkononi, na alikuwa anaigeuza kuweka upande wa pili.

"Weka upande wa kwanza, baba," nikasema.

Akaendelea.

"Baba! Wa kwanza!"

Mzee Luvanda aligeuka akaniangalia. Baba alifunga kile kifuniko, akabonyeza. Alikuwa na betri mpya. Akaweka kiganja juu ya redio, kama mtu anavyomshika mtoto kichwani, akafumba macho.

Mshono wa kwanza aliinua kidole palepale. Wa pili, palepale. Sasa najua ngoma zilikuwa zinampitia kiganjani, na kwamba kati ya ngoma na ngoma alikuwa anahesabu saba zake, kwa sababu kanda ile alikuwa nayo yote kichwani, pumzi kwa pumzi. Lakini Mzee Luvanda alianza kutabasamu. Alimtazama mama kwa jinsi mtu anavyotazama mvua ikipita pembeni. Yule mzee alitaka kuamini kuliko sisi wote. Na mimi, nakiri, nilianza kuamini pamoja naye. Nilisema moyoni, labda kweli alikuwa ananiachia. Sijawahi kuombea kudharauliwa kama siku ile.

Kisha wimbo ukanyamaza, kikabaki kinanda.

"Sasa sikiliza," baba akasema, macho amefumba. "Ngoja nikuonyeshe kitu. Kuna mtu mle anakohoa."

Tik. Makofi yakapasuka.

Kidole cha baba kilikuwa hewani. "Bado," akasema. Watu wa mji ule, sijui mji gani, walikuwa wanapiga makofi na miluzi, wanapiga kelele za furaha, redio inatetemeka. "Bado kidogo... usiwe na haraka... hapo! Huyo! Umemsikia?"

Akafumbua macho, anacheka, anatutazama mmoja mmoja.

Mama alitazama sakafu. Mzee Luvanda aligeuza kofia yake mkononi mara moja, mara mbili, kisha akaniuliza mimi, taratibu, kama mtu anayenipa nafasi ya kutoka.

"Binti, wewe umemsikia?"

Nimekuwa mfanyabiashara maisha yangu yote, na sijawahi kuwekwa tena mbele ya mizani ya namna ile. Nikisema sijamsikia, nimemwuza baba. Nikisema kanda nimeikata mimi, hilo lingemtetea nini, wakati makofi yalikuwa yanapigwa yeye anasema bado? Nilimtazama baba. Alikuwa ananiangalia mdomoni.

"Nimemsikia," nikasema.

Na hapo Mzee Luvanda akajua yote, kwa sababu yeye hakuwa amesikia kitu. Akajua kwamba baba hasikii, na kwamba nyumba nzima inamfunika. Alinishika kichwa akasema, "Sawa, mwanangu." Kisha akageuka kumwelekea baba, akasogea karibu, akamwambia kwa mdomo mpana, polepole, "Kanda nzuri sana, fundi." Ni hapo baba alipoacha kucheka. Hakuna mtu mmoja duniani aliyewahi kuongea naye polepole hivyo.

Chakula kikaja. Mama alikuwa ameiweka firigisi kwa baba kama kawaida. Aliitazama, akaichukua kwa vidole, akaiweka kwenye sahani yangu. Hatukuwa tumeshindana. Nilijitahidi kuitafuna, mgeni anaangalia pembeni kwa adabu, na haikupungua.

Mzee Luvanda hakumtupa. Baada ya vipimo vya hospitali alimtafutia nafasi kwenye bustani ya miche, kule kule Mgololo, na baba alikaa huko miaka akimwagilia misonobari midogo. Miche haina la kusikilizwa. Bisibisi ndefu aliileta nyumbani, ikawa ya kutobolea mabati. Mama akiendesha cherehani na gurudumu likilia, alilipaka mafuta mwenyewe, kimyakimya, baba akiwa nje. Kanda haikuchezwa tena. Mtu angeona ni kwa sababu ya baba. Mimi nilikuwa naogopa ile tik.

Hesabu yenyewe nimeifanya mara nyingi. Nikihesabu hivi, masikio yalikuwa yanakwenda tu, ni ya ukoo, na Mzee Luvanda alifanya haki, na huenda kuna mtu Mgololo ana vidole vyake kumi kwa sababu ya siku ile. Nikihesabu vile, baba alikuwa amebakisha sekunde chache tu kushinda, na sekunde hizo nilizikata mimi kwa bisibisi yake mwenyewe nikazitundika kwenye ulezi. Nahesabu mara mbili, na majibu hayalingani, na hakuna wa kunisahihishia.

Jioni ile ya mifuko kulowa nilirudi kwangu Iyunga nikatoa lile jalada. Nililichukua kwa mama zamani, nalitunza na vyeti. Binti yangu akalipiga picha kwa simu, akaguguna mahindi kidogo, akasema, "Hii hapa mama. Yote." Dakika haikuisha. Nilisikiliza upande wa pili nikiwa nimesimama na sufuria. Kinanda kikabaki peke yake, na yule mtu akakohoa. Hajazeeka hata kidogo. Binti yangu aliniambia nipunguze sauti, majirani. Nikamwambia mbona ni ya chini. Akanitazama. Nikarudi jikoni.

Jumamosi nikapanda basi la Iringa na spika ndogo kwenye kikapu.

Baba sasa hasikii kitu chochote. Mama amejifunza kumwandikia kwa kidole kiganjani. Wanabishana hivyo hivyo, mama akikasirika anaandika haraka baba anavuta mkono. Alasiri ile walikuwa uani. Mama alimwandikia, baba akaniangalia, akaangalia spika. Nikaiweka mapajani kwake. Nikabonyeza, nikamgusa bega kumwonyesha kwamba imeanza. Kiganja kikatua juu yake chenyewe.

Mshono wa kwanza, kidole. Wa pili, kidole. Mama akaacha kupepeta mchele.

Kinanda kilipobaki peke yake nilipiga magoti nikasema. Nilimwambia betri nilizianika, redio ikala, nikakata mikono miwili, nikatundika shambani, na siku ile ya Mzee Luvanda nilikuwa najua. Nilisema yote kwa sauti, mama akisikia, kwa mtu asiyesikia. Ningeweza kumwandikia kiganjani, lakini kiganja kilikuwa na kazi. Basi kwa kuwa mimi ni mtu wa kuhesabu mara mbili, nikaanza tena: baba, betri nilizianika...

Akaona mdomo wangu unacheza. Akaniwekea kidole chake cha mkono mwingine midomoni, kwa hasira kidogo, kama anavyonyamazishwa mtoto kanisani.

"Tulia, Tuma," akasema. "Anataka kukohoa."

Na akakohoa.